Nyungu ya mkaratusi: inachosaidia, na pale inapoumiza

Kipupwe kikiingia huku Mafinga, watu wengi wanaofika dukani hawaniulizi vidonge. Wananiuliza nyungu: nikijifukiza mkaratusi, mafua yataisha? Mimi ni mfamasia, na swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile ninaloweza kutoa foleni ikisubiri.

Nyungu haifupishi mafua, ila inaleta nafuu, na nafuu hiyo si ya kujidanganya. Anayeshika jambo la kwanza tu humdharau bibi aliyemfundisha kujifukiza. Anayeshika la pili tu ndiye humfunika mtoto wa mwaka mmoja blanketi juu ya sufuria ya maji yanayotokota.

Tuanze na jani. Mkaratusi asili yake ni Australia. Huku uliletwa enzi za ukoloni, na nchini Kenya reli iliupanda kwa ajili ya kuni za garimoshi. Jani lake lina mafuta mepesi, na kiini cha mafuta hayo ni sineoli, ndiyo inayotoa ile harufu kali inayopanda hadi kwenye paji la uso. Mafuta ya mkaratusi yanayokubalika kitabibu hutakiwa kuwa na sineoli isiyopungua asilimia 70. Lakini mikaratusi ina spishi zaidi ya 700, na hazilingani. Inayosifika kwa mafuta ya dawa ni Eucalyptus globulus. Mirefu inayopandwa kwa mbao na nguzo za umeme, kama Eucalyptus grandis, kwa kawaida ina sineoli kidogo. Ule unaonukia limau ukipekecha jani lake, harufu yake inatokana na kitu kingine kabisa. Basi jirani akisema majani yake yalimfungua pua, na yako hayakufanya kitu, huenda nyote wawili mko sahihi.

Sineoli hufanya nini puani? Ndani ya pua kuna vipokezi vya ubaridi, na sineoli huviamsha kama mentoli, ile inayoleta ubaridi wa mnanaa, inavyofanya. Ubongo unapokea taarifa kwamba hewa inapita kwa wingi. Mwaka 1983 watafiti wa Cardiff, huko Wales, walipima jambo hili kwa kuwavutisha watu mvuke wa kafuri, mkaratusi na mentoli. Watu walihisi pua zimefunguka, lakini kipimo cha hewa inayopita hakikubadilika. Mimi sioni kwamba hiyo inaifuta faida yake. Mtu aliyekosa usingizi kwa pua kuziba, akihisi anapumua vizuri na akalala, amepata kitu. Asichopata ni kuua virusi. Mafua ya kawaida huletwa hasa na rinovirusi, ambavyo vina aina zaidi ya 100, na mwili wenyewe huvimaliza katika siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kuchelewa kidogo. Mvuke mtupu nao umepimwa: majaribio 6 ya hewa ya moto yenye unyevu, yenye washiriki wasiofika 400 kwa jumla, hayakuonyesha faida inayojirudia. Mwaka 2020, Rais Magufuli alipohimiza kujifukiza wakati wa korona, nyungu ilirudi mijini kwa kishindo, na watu wengi walianza kuiona kama tiba ya virusi. Fikra hiyo bado ipo, na ndiyo inayomfanya mgonjwa wa kifua akae nyumbani siku ambazo angepaswa kuwa hospitali.

Sasa hatari. Kinachoumiza zaidi ni maji yenyewe. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5, na ya mtoto huungua haraka zaidi. Sufuria iliyoepuliwa sasa hivi ina karibu nyuzi 100, au 90 na kitu huku kwetu milimani. Mtoto chini ya blanketi haoni, anaogopa, anarusha mguu, na maji yanamwagikia mapajani na tumboni. Kwa hiyo neno langu halina masharti: mtoto asifukizwe. Hata akipakatwa na mama yake.

Mtu mzima anayetaka kujifukiza aepue sufuria, aweke majani, aitulize chini mahali pasipoyumba na asubiri mvuke upoe kidogo. Aketi kwenye kiti, asichuchumae, ajitande taulo kichwani akiacha upenyo, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Jiko la mkaa lisiingie chini ya shuka wala kwenye chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na huua. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu hiyo kali. Mwenye kifafa aiache kabisa, kwa maana madaktari wameripoti degedege baada ya kuvuta au kupaka mafuta haya. Mjamzito anayesikia kizunguzungu atoke mara moja.

Jambo linaloninyima usingizi hasa ni kile kichupa kidogo cha mafuta ya mkaratusi. Jani na mafuta si kitu kimoja: mafuta ni nguvu ya majani mengi sana iliyokusanywa kwenye matone. Mililita 5 tu, kijiko kimoja cha chai, zikinywewa zimewahi kuleta sumu kali: usingizi mzito, degedege, kupumua kwa shida. Yasinywewe, yasichanganywe kwenye chai, yasitiwe puani. Kwa mtoto wa chini ya miezi 30 hayafai hata kupakwa karibu na pua, kwa kuwa koo lake linaweza kujibana ghafla. Onyo hilohilo linahusu zile dawa za kuchua zenye kafuri na mentoli. Mtoto akiyanywa, usimtapishe; chukua kichupa chenyewe uende nacho hospitali.

Mtoto mwenye mafua mfanyie haya. Chemsha maji, pima kikombe kimoja cha mililita 250, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yapoe kabisa, kisha mdondoshee matone mawili matatu kila tundu la pua kabla ya kunyonya au kulala. Tengeneza mapya kila siku. Aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kulamba asali nusu kijiko cha chai usiku, inatuliza kikohozi. Chini ya mwaka hapana, kwa sababu asali huweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Na mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima, ukitazama kifua. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: hayo si mafua tena, huenda ni nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usisubiri hata kuhesabu. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.