Kanda gani ya Zein ndiyo yenyewe?

Wapenzi watatu wa Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab na mpiga udi, hawaketi baraza moja Mji wa Kale, Mombasa, wakanywa kahawa bila ubishi huu kuzuka. Mmoja ataapia kanda ya harusi ya Kuze, mwingine atamwambia hajui kitu, ile ya Kibokoni ndiyo udi ulilia. Mimi huwa nimenyamaza. Kazi yangu ni kuhamisha kanda za taarab kuzitia kwenye kompyuta, na nimejifunza kwamba mara nyingi watu hawa hubishania mashine.

Neno albamu halimkai vizuri Zein. Ipo CD ya Zein Musical Party, Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa Uingereza na GlobeStyle mwaka 1990. Imerekodiwa safi na ninaipenda. Lakini wengi hapa walimjua kwa kanda: nyingine za madukani kama Mbwana Radio Service, nyingine za redio kaseti iliyotegwa mbele ya spika harusini, kisha kopi ya kopi. Juu yake pameandikwa "Zein" kwa biro, basi. Ndiyo maana watu huziita kwa jina la mtaa au la bwana harusi. Na harusini wimbo haukubanwa na dakika tatu nne za upande wa santuri. Ubeti ulirudiwa hadi watu watosheke.

Kanda ikifika kwangu, kwanza naitazama ukingoni. Unyevu wa pwani huotesha ukungu mweupe, na ukiicheza hivyo unachafua kichwa cha mashine na kanda zitakazofuata. Pili, kile kisifongo kidogo kinachoubana mkanda kwenye kichwa. Gundi yake hukauka kikaanguka, sauti ikawa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mwenyewe husema kanda imechoka. Haijachoka! Nahamishia mkanda ganda jingine, na nyuzi za udi zinarudi.

Kinachowachonganisha watu hasa ni mwendo. Mkanda hupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Aliyerekodi harusini kwa betri zilizokuwa zinaisha aliurekodi taratibu bila kujua. Leo ukichezwa kwa mwendo wa kawaida, Zein anaimba mbio na sauti imepanda. Nitajuaje, nami sikuwako? Nasikiliza mvumo wa umeme uliokuwa ukitoka kwenye spika. Stima ya Kenya ni mizunguko 50 kwa sekunde. Nikipima nikakuta mvumo una 53, kanda inakimbia karibu asilimia sita, yaani nusu toni nzima. (Kopi nazo huongeza mivumo yao, kwa hivyo wakati mwingine nakuta miwili au mitatu imepandana, na hapo kichwa kinauma.)

Mwaka jana aliniletea kanda ami mmoja, mpenzi wa Zein tangu ujana wake. Kwake hakuna nyingine. "Sikiza sauti hiyo," aliniambia, "hapo alikuwa kijana bado." Nikapima: 53. Nikairudisha mahali pake, nikamwita asikilize. Udi ukashuka ukawa mzito, maneno yakatengana, na ubeti mmoja ambao miaka yote aliuimba kwa kubahatisha sasa ulisikika wazi. Kwa sikio langu hiyo ndiyo kanda bora ya Zein niliyowahi kuishika. Ami alisikiliza mpaka mwisho, fimbo katikati ya magoti.

"Ahsante, mwanangu. Lakini huyu si Zein wangu."

Nilimtilia zote mbili kwenye flashi, ya mbio na ya sawa. Juzi nilipita nyumbani kwake kumjulia hali, na kabla sijabisha hodi nikasikia dirishani ni ipi inayolia.