Kosa Linalobaki Mjini

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu hapa Chicago. Shemeji yake, aliyewasili juzi tu kutoka Dar, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia nathamini wachezaji wa besiboli: timu ikitaka kubadilishana mchezaji na timu nyingine, mimi napiga hesabu ya nani anampa nani kitu gani. Akafurahi, akauliza swali la maana kabisa: mbona Cubs na White Sox wanaishi mji mmoja na hawabadilishani wachezaji? Pilau ilikuwa bado mdomoni, wenzangu watatu wakawa wameshamjibu kwa niaba yangu: "Wanachukiana, shemeji. Ni Simba na Yanga hao."

Jibu hilo nimelisikia kwa kinyozi, nimelisikia kwenye treni, nimelisikia kazini kutoka kwa watu wanaolipwa kujua zaidi. Si sahihi, na linaficha jambo zuri kuliko lenyewe.

Tuanze na hao Simba na Yanga. Wako ligi moja na wanagombea kombe moja. Ukimpa mtani wako mshambuliaji leo, kesho anakufunga, na zile pointi tatu zinatoka mfukoni mwako kwenda mfukoni mwake. Kutomuuzia hapo ni akili timamu, wala huhitaji kumchukia. Na hata hao wachezaji wao huvuka mtaa mkataba ukiisha: Jonas Mkude alikwenda Yanga mwaka 2023, Clatous Chama akafuata 2024. Chuki haikuwazuia.

Sasa njoo huku. Cubs wako Ligi ya Taifa, White Sox wako Ligi ya Amerika. Mets na Yankees wa New York, vivyo hivyo. Dodgers na Angels wa eneo la Los Angeles, vivyo hivyo. Katika msimu wa michezo 162 wanakutana mara chache sana, na kabla ya 1997 hawakuwa wakikutana kabisa kwenye michezo ya msimu. Hawagombei nafasi moja ya kwenda mtoano. Kwa hesabu ya ushindani peke yake, jirani yako wa mji ndiye mtu salama kuliko wote wa kubadilishana naye. Wa kuogopwa ni yule wa kundi lako ndani ya ligi yako, hata kama anaishi saa tano kwa gari. Mtu akiniambia ushindani wa uwanjani ndio unaowazuia Cubs na White Sox, ninajua hajafungua ratiba.

Halafu wanakuja na Jackie Robinson, nyota wa zamani wa Dodgers. Kila mara. Tarehe 13 Desemba 1956 Brooklyn Dodgers (Dodgers hao hao, kabla hawajahamia Los Angeles) walimpeleka Robinson kwa New York Giants, wakapewa mrushaji wa mpira Dick Littlefield na fedha taslimu. Robinson hakwenda, akastaafu, biashara ikafutwa. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba aliona afadhali aache mpira kuliko kuvaa jezi ya mtani. Ni hadithi tamu, ila siyo ilivyokuwa. Robinson alikuwa na miaka 37 na alikuwa ameshaamua kuacha. Alikuwa ameshakubali kazi kwenye kampuni ya kahawa ya Chock full o'Nuts, na habari ya kustaafu kwake alikuwa ameiuzia jarida la Look, ndiyo maana alikaa kimya hata Dodgers wenyewe wasijue. Angepelekwa timu yoyote ile, jibu lingekuwa lile lile.

Na tazama upande wa pili wa kisa hicho, ambao hakuna anayeutaja. Dodgers na Giants wa wakati ule walikuwa mji mmoja na ligi moja. Hao ndio Simba na Yanga hasa! Mashabiki wao walikuwa wakitiana ngeu. Na viongozi wa Dodgers walikaa mezani wakakubali kumtoa Jackie Robinson kwa Giants. Kama chuki ingekuwa ukuta, ungesimama pale kabla ya mahali pengine popote.

Kwa hiyo nini kinawazuia? Mambo kadhaa, na mengine yanachosha, nitayapita haraka.

La kwanza ni sheria ya zamani. Hadi miaka ya 1950, huwezi kumpeleka mchezaji ligi ile nyingine kwa kubadilishana tu. Ilibidi kwanza timu nyingine zote za ligi yake zikatae kumchukua. Yaani Cubs wakitaka kumpa White Sox mtu wa maana, wenzao saba wa Ligi ya Taifa walikuwa na haki ya kumdaka njiani. Mwaka 1959 ndipo likafunguliwa dirisha la ligi kwa ligi bila kikwazo hicho, tarehe 21 Novemba hadi 15 Desemba. Ukiziangalia biashara kubwa za majirani za miaka ya 1970 utaona tarehe zake zimo humo: Dodgers walimpeleka Frank Robinson na wenzake wanne kwa Angels, wakampata Andy Messersmith na Ken McMullen, tarehe 28 Novemba 1972. Cubs walimpeleka Ron Santo kwa White Sox tarehe 11 Desemba 1973. Watu walisema "hawapatani" wakati mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli la sheria.

La pili ni hesabu ya darasa la nne. Timu ziko 30. Kila timu ina wenzake 29 wa kufanya nao biashara, na jirani ni mmoja tu kati yao. Tuseme timu inafanya biashara kumi kwa mwaka na inachagua mwenzake kwa kura ya kufumba macho: itamwangukia jirani takriban mara moja kwa miaka mitatu. Nani anahesabu mara ngapi White Sox wamebadilishana na Tampa Bay? Hakuna. Tunamhesabu jirani kwa sababu tunamwona.

La tatu, mnunuzi na muuzaji. Biashara za Julai, katikati ya msimu, zinahitaji mmoja anayetaka ubingwa mwaka huu na mwingine aliyekata tamaa na anajenga upya kwa vijana. Timu za miji mikubwa zina fedha, na mara nyingi zote mbili zinataka kununua. Wauzaji wawili hawauziani, wanunuzi wawili vile vile. Mlango hufunguka mmoja anapopanda na mwingine anaposhuka. Julai 2003 Mets walikuwa wameshazama, Yankees wanawania taji, na mrushaji wa Mets, Armando Benítez, akavuka mto kwenda Yankees siku hizo hizo. Julai 2017 Cubs walikuwa mabingwa watetezi, White Sox wanabomoa nyumba ili wajenge upya. Hiyo ya 2017 nitairudia.

Kuna jambo linalovuta upande wa pili pia, na nalipenda kwa sababu ni la kibinadamu. Mchezaji anayehamia timu ya jirani hahami nyumba. Watoto wanabaki shule ile ile, mke habadilishi kazi, duka lake la pembeni linaendelea. Santo ni mfano wake. Alikuwa amecheza zaidi ya miaka kumi ligi kuu na zaidi ya mitano mfululizo Cubs, na sheria mpya ya wakati huo ilimpa mtu wa namna hiyo haki ya kukataa kuhamishwa. Cubs wakataka kumpeleka kwa Angels, California. Akakataa, na alikuwa mchezaji wa kwanza kuitumia haki hiyo. White Sox walipokuja akakubali, kwa sababu maisha yake yalikuwa Chicago. Uwanjani haikuwa nzuri. Besi ya tatu, nafasi yake ya maisha, ilikuwa ya Bill Melton, kwa hiyo Santo akawa anapiga tu bila kushika nafasi, jambo ambalo hakulipenda, na siku nyingine akisimamishwa besi ya pili kama mgeni. Msimu mmoja, akastaafu. Lakini hakuna shabiki aliyechoma nyumba.

Sasa nifike ninapotaka kufika, maana hapa ndipo wengi wanakosea hata wakishaiacha hiyo chuki.

Tarehe 30 Machi 1992 White Sox walimpa Cubs kijana wa miaka 23 aitwaye Sammy Sosa pamoja na mrushaji Ken Patterson, wakamchukua George Bell. Kila mtu mjini hapa anaitaja kama ujinga mkubwa. Mimi nimeirudia hesabu yake mara nyingi na ninasema haikuwa ujinga. Mwaka uliotangulia Sosa alikuwa amepiga kwa wastani wa .203, yaani mara mbili tu kwa kila kumi, na homurani 10 (mipigo inayovusha mpira nje ya uzio). Bell alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Amerika mwaka 1987, na White Sox walihitaji mtu wa kuleta pointi nyumbani mara moja. Msimu wake wa kwanza alipiga homurani 25 na kuleta pointi 112. Walichokinunua walikipata. Mwaka wa pili mwili ukamkatalia, na 1993 ukawa mwisho wake.

Tatizo ni kilichofuata upande wa pili wa mji. Sosa alipiga homurani 66 mwaka 1998, 63 mwaka 1999, 64 mwaka 2001. Akiwa Cubs peke yake alipiga 545. Na hapa lazima uijue Chicago. Treni ya Red Line ina kituo cha Addison kwenye uwanja wa Cubs na kituo cha mtaa wa 35 kwenye uwanja wa White Sox. Treni moja, huna haja ya kubadili. Shabiki wa White Sox alikwenda kazini kila asubuhi akisoma gazeti la mji wake lenye picha ya mchezaji aliyewahi kuwa wake. Jioni redio ile ile ikamtangazia. Kwa misimu kumi na mitatu.

Ukimtoa kijana kwa Seattle akawa nyota, utaumia, ila utaumia siku chache kwa mwaka akija kucheza kwenu. Ukimtoa kwa jirani, kosa lako linabaki mjini. Linapanda treni na wewe. Meneja mkuu ni mwajiriwa. Ana tajiri juu yake, na tajiri anakwenda kula chakula mjini humo humo. Hofu ya meneja haina uhusiano na kumchukia jirani. Anaogopa kukosea mbele ya watu wanaomwona kila siku. Na biashara ya jirani ikienda vizuri, sifa haiongezeki kwa kiasi hicho. Mwaka 1998 Cubs walimtoa Jon Garland, waliyemchagua raundi ya kwanza ya uteuzi wa vijana mwaka mmoja tu kabla, ili wampate Matt Karchner wa kusaidia warushaji wao. Garland alishinda michezo 18 mwaka 2005, mwaka White Sox walipotwaa ubingwa wa dunia. Mwulize mtu yeyote hapa mtaani kuhusu Garland: atakuanzishia Sosa.

Nikiri jambo ambalo wenzangu wa kazi hawapendi kuliandika. Hofu hii ninaiona vikaoni, ninaisikia kwenye sauti za watu, lakini siwezi kuipima. Biashara iliyofanyika ina tarehe na majina. Iliyoachwa kwa woga haina rekodi. Na za majirani ni chache mno kiasi kwamba ukitoa sehemu ya sheria ya zamani, sehemu ya bahati na sehemu ya wanunuzi wawili, kinachobaki kinaweza kuwa hofu au kinaweza kuwa kelele za takwimu. Ninaamini ni hofu. Ninaamini kwa masikio, na masikio si jedwali.

Inayonipa moyo ni kwamba hofu hiyo haigusi wachezaji huru, wale waliomaliza mkataba. Desemba 2024 Juan Soto aliondoka Yankees akaenda Mets kwa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765, uhamisho mkubwa kuliko wowote wa mji ule. Mashabiki wa Yankees walikasirika, lakini hakuna meneja aliyesaini karatasi ya kumtoa. Aliondoka mwenyewe. Lawama haikuwa na mlango wa kugonga.

Turudi 2017. Tarehe 13 Julai White Sox walimtoa mrushaji José Quintana kwa Cubs, wakapewa vijana wanne, wawili wao wakiwa Eloy Jiménez na Dylan Cease. Ilikuwa biashara ya kwanza kati ya timu hizo tangu 2006. Tarehe 18 Juni 2019 Jiménez alikuja Wrigley Field na jezi ya White Sox. Kipindi cha tisa, matokeo 1-1, mtu mmoja kwenye besi. Pedro Strop wa Cubs akarusha, Jiménez akapiga, gongo likavunjika mikononi mwake, na mpira ukavuka uzio hata hivyo. White Sox 3, Cubs 1. Uwanja wa nyumbani wa Cubs, kijana waliyemlea Cubs, na nusu ya treni ya kurudi mjini usiku ule ilikuwa inaimba.

Kama chuki au hata hofu ingekuwa na neno la mwisho, ningetarajia milango ifungwe kwa miaka mingine ishirini. Julai 2021 White Sox walikuwa wanaongoza kundi lao na Cubs wanauza kila kitu. Tarehe 29 wakampata Ryan Tepera kutoka Cubs. Tarehe 30 wakarudi kumchukua mrushaji Craig Kimbrel, wakimtoa Nick Madrigal, waliyemchagua wa nne nchini mwaka 2018, akiwa ameumia paja, pamoja na Codi Heuer. Biashara mbili na jirani, siku mbili. Kimbrel, ambaye akiwa Cubs alikuwa haguswi, alipofika mtaa wa 35 akaanza kupigwa.

Hayo ndiyo nilimweleza shemeji, pilau ikipoa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kituo cha Addison kiko upande gani.