"Sijambo" ya mgonjwa si kipimo cha maumivu

Nimekabidhiwa tena zamu kwa kauli ile ile: "Huyu ametulia, haumwi." Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Lamu, na kauli hiyo nimeisikia kwa wauguzi, kwa madaktari na kwa jamaa wa wagonjwa, hata sasa siwezi tena kuinyamazia.

Mzee aliyevunjika mguu akaletwa kwa boti kutoka Faza au Kizingitini, mawimbi yakimtikisa njia nzima, hulala kimya ameukazia macho ukuta. Ukimuuliza, "Hujambo, mzee?" atakujibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Jibu hilo ni adabu, tena ni shukrani kwa Mola; halikukusudiwa kueleza hali ya mguu. Anayeandika kwenye faili "hana maumivu" kwa sababu ya jibu hilo amenakili salamu, na mgonjwa atakosa dawa kwa salamu hiyo.

Kwa aliyepasuliwa tumbo, ninachotaka kujua ni anavyoumwa anapojisogeza. Mwambie, "Mzee, kohoa kidogo," kisha mtazame: mkono unakimbilia mshono, pumzi inakatika katikati, na kikohozi kinaishia kooni. Mwambie ayapime maumivu kwa namba, 0 ikiwa hakuna na 10 yakiwa makali kupita yote: akilala tuli atakwambia 2 kati ya 10. Akikohoa ni 8. Namba zote mbili ziandikwe, kwani asiyeweza kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu hubaki na makohozi kifuani na huwa karibu na nimonia, na asiyenyanyuka kitandani damu yaweza kumganda miguuni.

Wengine huitazama mashine. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu huweza kupanda maumivu yanapoanza, kisha yakarudi kawaida ilhali maumivu yapo pale pale, kwa hiyo mashine haina uwezo wa kumkanusha mgonjwa. Usingizi nao si ushahidi, maana aliyechoka sana hulala na maumivu yake. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kiliporekebisha fasili yake ya maumivu mwaka 2020 kilisisitiza kuwa mtu kushindwa kusema hakuondoi uwezekano kwamba anaumwa.

Kuhusu dawa nitasema machache. Parasetamoli aliyoandikiwa mgonjwa itolewe kwa saa zake bila kungoja aombe, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, haikuwekwa kwa ajili ya wanaokaribia kufa peke yao. Maumivu makali yanaistahili, mradi dozi iwe sahihi na tuhesabu pumzi za mgonjwa na kuangalia kama anaamka vizuri.

Hizo namba zenyewe siziamini kwa kila jambo. Sidhani kuwa 6 ya mvuvi na 6 ya mama aliyejifungua kwa upasuaji ni kitu kimoja. Ninachokiamini ni namba ya mtu yule yule kabla na baada ya dawa. Kwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu, hofu na maumivu hukunja uso kwa namna moja, na akitulia baada ya parasetamoli sijui daima kilichomtuliza. Hapo humuuliza binti yake aliyekesha naye, na akiniambia kuwa baba hakubali kulalia upande wa kulia tangu jana, huliandika neno hilo kwenye faili kama alivyolisema, pamoja na saa.