Mikono ya mbele ya kwadi ya michezo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwanza tuelewane. Kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne, na hapa sizungumzii zile za kutembezea watalii kule Nungwi. Hizi ni za michezo: Yamaha Raptor 700, YFZ450R, Honda TRX450R na ndugu zao. Mwenye nayo akishaichoka mikono ya mbele ya kiwandani, zile kontrol amu, moja ya juu na moja ya chini, zinazoshika kila tairi kwenye chesisi, huagiza mingine kutoka Marekani kwa watengenezaji kama Houser, Roll Design au Lonestar. Inakuja na thredi za kurekebishia na locknati, yaani nati za kufungia marekebisho yasihame, na hapo ndipo kila mtu anageuka mtaalamu.

"Fungua bol jointi ya juu, kwadi itanyanyuka mbele"

Hainyanyuki. Kimo cha kwadi kinashikwa na springi ya shokapu, na ukitaka kukibadilisha, kazi iko huko. Bol jointi ya juu, kile kiungo cha mviringo kwenye ncha ya mkono upande wa tairi, ukiizungusha itoke nje, mkono wa juu unarefuka na sehemu ya juu ya tairi inasukumwa nje. Ukiiingiza, tairi inalalia ndani kwa juu. Hiyo ndiyo kemba.

Mikono mingine ina thredi mbili upande wa chesisi. Ukitoa ya mbele na kuingiza ya nyuma kwa kiasi kilekile, bol jointi ya juu inarudi nyuma, na kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia, inaongezeka. Kasta kubwa hufanya kwadi itulie kwenye mwendo wa kasi na usukani urudi katikati wenyewe, ila wewe dereva utachoka mabega na viganja. Ikiwa ndogo, kona zinakatwa haraka, lakini kwenye matuta ya mchanga yaliyofuatana usukani utacheza hadi ujute.

Hatari yenyewe iko kwenye kufungua kupita kiasi. Kanuni ya kawaida ni kwamba thredi iliyobaki ndani isipungue mara moja na nusu ya unene wa bolti: bolti ya milimita 16 ibaki na milimita 24 ndani. Mtengenezaji akiwa ametaja kikomo chake, fuata chake.

"Alaimenti ni tairodi tu, mengine ni mbwembwe"

Kosa hili ndilo linalokula muda wa watu wengi. Mtu anakaa asubuhi nzima akiweka tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na tairi, sawasawa, mchana anaona tairi zimelala, anagusa kemba, kisha anashangaa kwadi inavuta upande. Ukigusa kasta, kemba imehama. Ukigusa kemba, tofauti ya upana kati ya tairi mbili, ukipima mbele yake na nyuma yake, imehama. Kwa hiyo anza na upepo wa tairi na kimo, halafu kasta, halafu kemba, na tairodi iwe ya mwisho kabisa.

Tena usipime kwadi ikiwa juu ya stendi. Tairi zikining'inia, mikono imeshuka, pembe zote ni za uongo. Wengine wataapa kwamba juu ya stendi ndiko kipimo kinatoka safi, kwa sababu tairi inazunguka kwa urahisi. Ni safi kweli, ila ni kipimo cha kwadi iliyo hewani. Ishushe sakafu tambarare, dereva apande na mavazi yake yote, itingishwe mara chache ili shokapu zikae, usukani ufungwe katikati. Upepo uwe sawa kushoto na kulia. Kwadi hizi hutumia kidogo sana, YFZ450R mbele ni psi 4 tu, hivyo tofauti ya psi moja ni kubwa.

Sasa chukua chaki. Weka alama katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha ekseli, upime kutoka alama hadi alama. Sukuma kwadi mbele taratibu hadi alama zilezile zifike nyuma kwenye kimo kilekile, upime tena. Kutumia alama zilezile kunaondoa uongo wa rimu iliyopinda. Cha nyuma kikizidi cha mbele kwa milimita 3 hadi 6, tairi zimeingia ndani kidogo, na wengi hapo huridhika.

Tairodi ina thredi ya kulia ncha moja na ya kushoto ncha nyingine. Kama nafasi kati ya jino na jino la thredi ni milimita 1.25, mzunguko mmoja unabadilisha urefu kwa milimita 2.5, kwa hiyo nenda kwa robo mzunguko. Zungusha ya kushoto na ya kulia kwa kiasi kilekile, la sivyo usukani utakaa mshazari. Na kabla hujazungusha, tazama tairodi imeshika mbele au nyuma ya ekseli: ikiwa nyuma, kuirefusha kunaingiza tairi ndani kwa mbele, ikiwa mbele, kinyume chake.

"Mikono mirefu haihusiani na shokapu"

Inahusiana sana. Tuseme mkono ulikuwa sentimita 40 na sasa ni 45, na shokapu imebaki imeshika palepale. Tairi limepata wenzo mrefu zaidi, na ugumu wa springi unaofika kwenye tairi unapungua kwa kipeo cha pili: 40 gawanya kwa 45, zidisha kwa yenyewe, unapata takriban 0.79. Springi ileile sasa inafanya kazi kana kwamba imepoteza karibu asilimia 21 ya ugumu wake. Mtu analalamika kwamba mikono mipya "inazama", kumbe springi ndiyo haitoshi. Watengenezaji wengine husogeza pia tundu la shokapu ili kufidia hilo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

"Speisa zinafanya kazi ileile, tena kwa bei ndogo"

Speisa ni vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili kusogeza tairi nje. Zinaongeza upana, basi. Tairi linasogea mbali na mhimili wake wa kugeukia, kwa hiyo kila jiwe linapiga usukani moja kwa moja, na beringi za habu zinabeba wenzo zisioutarajia.

"Kadiri ilivyo pana ndivyo ilivyo bora"

Kwa mchanga mpana wa Bidiya kule Omani, sawa, hakuna anayekupima. Lakini motokrosi ya kwadi ya AMA, chama cha mashindano ya pikipiki cha Marekani, ina kikomo cha upana cha inchi 50, yaani milimita 1,270. YFZ450R iliyotoka mwaka 2009 tayari ina kama milimita 1,240 kutoka kiwandani. Ukiifungia mikono ya inchi 2 za ziada kila upande, umejitoa mwenyewe kwenye mashindano.

Ukimaliza, inua mbele na ugeuze usukani hadi mwisho pande zote mbili huku tairi zikining'inia. Hosi ya breki isivutike, wala bol jointi isikwame. Kaza locknati zote, chora mstari wa rangi kutoka nati hadi kwenye mkono, kisha uitazame mistari hiyo baada ya safari ya kwanza. Uliovunjika ndio nati iliyolegea.