H. pylori na kinyama cha tumbo: mambo tunayoaminishana ambayo siyo

Watu wakishapimwa vidonda vya tumbo kwa kamera wanakimbilia majibu tu, hawaulizi kile kinyama kilichokatwa tumboni ili kutafuta H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda, kiliandaliwaje, wakati majibu mengi yanaharibikia huko huko kabla slaidi haijafika kwenye hadubini.

Dhana mbaya kuliko zote ni hii: "nimeambiwa negativu, basi sina bakteria." Siyo lazima! Kama ulikuwa unameza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, au ndugu zake mpaka siku ya kipimo, bakteria wanapungua sana hasa sehemu ya chini ya tumbo, wanaobaki unawakuta zaidi huko juu, kwa hiyo daktari akikata chini peke yake anaweza asiwaone kabisa na wewe ukarudi nyumbani nao. Ndo maana hizo dawa zinaachwa angalau wiki 2 kabla, antibayotiki na dawa za bismathi wiki 4. Ila usiache kimya kimya, ongea na daktari kwanza maana kuna watu wanazimeza kwa sababu nzito. Na kama kidonda kilikuwa kinavuja damu, negativu ya siku hiyo irudiwe.

Eti kipande kimoja kinatosha? Hapana, hawa bakteria hawajasambaa sawasawa, wanakaa kwa mafungu mafungu. Mfumo wa Sydney, yaani mwongozo wa kukata na kusoma vinyama vya tumbo, ulioboreshwa Houston mwaka 1994 unataka vipande 5: viwili sehemu ya chini, viwili mwili wa tumbo, kimoja kwenye kona inayotenganisha hizo sehemu. Ni milimita chache tu kila kimoja, na ukataji wenyewe kwa kawaida hauumi.

Halafu kuna hii ya kutumbukiza kila kitu kwenye formalini, kile kimiminika cha kuhifadhi kinyama kisioze, na hapa naomba watu wa chumba cha kamera wanisikilize. Formalini asilimia 10 ni sahihi kwa kinyama kinachoenda kwenye slaidi, lakini inaua bakteria, kwa hiyo ukitaka kuwaotesha ili ujue dawa gani inawaweza umeshachelewa. Kipimo cha haraka cha yurease nacho kinataka kinyama kibichi: kinawekwa kwenye jeli yenye yurea, yurease, kimeng'enya cha bakteria, inaivunja, amonia inatoka na rangi inahama kutoka njano kwenda pinki. Wengine wakiona njano baada ya nusu saa wanatupa, jamani subirini, inaweza kuchukua mpaka saa 24.

Cha kuotesha kinaenda kwenye chombo chake cha kusafirishia, kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi, kifike maabara ndani ya saa 24. Na huko uvumilivu unahitajika, Warren na Marshall, madaktari waliowagundua bakteria hawa kule Perth, Australia, walikuwa hawapati kitu mpaka Pasaka ya 1982 sahani za kuoteshea zilipoachwa siku nyingi kuliko kawaida, ndo wakaota.

La mwisho, watu wanadhani rangi inayopakwa kwenye slaidi ndo kila kitu. Rangi ya Giemsa inasaidia kweli bakteria wakiwa wachache, lakini wanaishi kwenye ute wa juu na kwenye vishimo vya ukuta wa tumbo, sasa kinyama kikilazwa bapa kwenye nta kinamogandishwa kabla ya kukatwa vipande vyembamba vya slaidi, badala ya kusimamishwa kwa ubavu, kisu kinapita sambamba na uso na ile sehemu yenye bakteria inaweza kuishia kwenye vipande vya mwanzo vinavyotupwa, na hapo hata upake rangi gani hutawaona.