Namba nne ndiye anayeshika farasi

Kila tukimaliza onyesho letu la askari wapanda farasi wa zamani lazima mtu aje kuniuliza swali lile lile, mbona yule mmoja wenu hakupiga hata mlio mmoja, amekaa tu huko nyuma na farasi? Na mimi nalipenda hilo swali kuliko yote, kwa sababu jibu lake ndilo limenifanya nikae na hili kundi miaka yote hii, kwa hivyo leo wacha nilijibu kwa Kiswahili tena kwa urefu.

Mimi ni mtu wa farasi. Nilianza kama saisi kule Ngong kwenye farasi wa mashindano, nikiamka saa kumi usiku kusugua na kulisha, na siku hizi niko Texas, kazi yangu ya kila siku ni kwato, kupiga viatu vya chuma na kuangalia miguu ya farasi wa watu. Wikendi nyingi niko na kundi letu la kuigiza historia. Tunaigiza Rejimenti ya 10 ya wapanda farasi wa jeshi la Marekani, wale askari weusi wanaoitwa Buffalo Soldiers. Wengi wetu Afrika Mashariki jina hilo tulilipata kwa reggae, tukaliimba kwa matatu na kwa harusi, na wachache sana walituambia hao watu walikuwa kina nani hasa.

Sasa hiyo namba nne. Jeshi la wapanda farasi la wakati ule, karne ya kumi na tisa, lilihesabu watu wanne wanne. Mkishapanga mstari mnahesabu moja, mbili, tatu, nne, halafu tena moja, mbili, tatu, nne, na namba iliyokuangukia ndiyo kazi yako. Ikitoka amri ya kupigana kwa miguu, namba moja, mbili na tatu wanashuka na kabaini zao, yaani bunduki fupi, wanakimbia mbele, namba nne anabaki juu ya farasi wake na anashika wale watatu walioachwa. Na farasi hawashikwi ovyo, kila mmoja ana kiukanda kifupi cha ngozi chenye ndoano, kiko pale kwenye ukanda wa kichwani upande wa kushoto, ukishuka unakikamata unakinasa kwa farasi wa jirani yako, yeye kwa anayefuata, mpaka wote wanne wanakuwa kama mnyororo na mwisho wa mnyororo uko mkononi mwa mtu mmoja.

Fanya hesabu basi. Watu arubaini wakishuka uwanjani, wanaopiga risasi ni thelathini tu, kumi wako nyuma na farasi. Robo nzima ya nguvu zako haipigi! Mtu akisikia hivyo anaona kama ni hasara, lakini wale waliokuwa pale walijua kwamba farasi wakitoroka hamna tena mapigano ya kushinda, mko katikati ya nchi kavu, maji yako mbali, na chakula, blanketi na risasi za akiba vimeondoka mgongoni mwa farasi wako. Ndio maana namba nne hakuwa mtu wa kubahatisha.

Siku yangu ya kwanza kushika namba nne tulikuwa tunapiga baruti tupu bila risasi, na farasi wa katikati, jike mwekundu ambaye nilikuwa nimempiga viatu kwa mikono yangu mwenyewe na nikadhani tunajuana, aliposikia mlio wa kwanza alirusha kichwa juu, ule mkanda ukamvuta wa pembeni, naye akarudi nyuma akamvuta wa tatu, na mimi niko juu ya wangu nimekamata hatamu za wanyama watatu ambao kila mmoja ana zaidi ya kilo mia nne. Sikuachia. Kiganja kilibaki na alama ya ngozi wiki nzima, na ile wiki nzima nilikuwa nawaza mtu mmoja tu, kijana fulani wa mwaka 1880 ambaye amefanya hivi hivi lakini kwake risasi ni za kweli na zinakuja upande wake.

Rejimenti yenyewe ilitokana na sheria ya bunge la Marekani ya Julai 1866, mwaka mmoja baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Ziliundwa rejimenti sita za watu weusi, mbili za farasi, ya 9 na ya 10, na nne za miguu. Ya 10 ilianzia kambi ya jeshi ya Fort Leavenworth, Kansas, chini ya Kanali Benjamin Grierson, na huyu mzungu anastahili neno kidogo kwa sababu kabla ya vita alikuwa mwalimu wa muziki na alipokuwa mtoto alipigwa teke la uso na farasi mpaka akawaogopa, halafu maisha yakampeleka huko huko kwa farasi. Askari walilipwa dola 13 kwa mwezi, mkataba wa miaka mitano. Wengi walikuwa wametoka utumwani juzi tu, hawajui kusoma, kwa hivyo sheria ile ile ikaweka kasisi wa rejimenti ambaye kazi yake mojawapo ni kuwafundisha kusoma na kuandika. Hebu fikiria, mtu ameshinda kwenye tandiko mchana kutwa, jioni ameketi na herufi. Kwangu mimi hiyo ni picha kubwa kuliko picha yoyote ya mtu na bunduki.

Maafisa walikuwa wazungu karibu wote. Henry Flipper, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, mwaka 1877, aliletwa kwenye rejimenti hii kama luteni, na pale Fort Sill alichimba mfereji wa kutoa maji yaliyotuama yaliyokuwa yanaleta malaria, mfereji ambao umehifadhiwa mpaka leo. Mwaka 1881 alishtakiwa Fort Davis kwa habari ya pesa za stoo, shtaka la wizi halikumtia hatiani, lakini wakamfukuza jeshini kwa kosa la mwenendo usiofaa afisa. Msamaha wa rais ulikuja 1999, yeye akiwa alishakufa zamani. Nikifika Fort Davis huwa natembea peke yangu kidogo kwanza kabla ya kushusha farasi.

Lakini nikiulizwa historia ya rejimenti hii ni historia ya nini, jibu langu ni maji. Watu wanataka kusikia mapigano na mimi nawapeleka kwa maji, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe ya Texas Magharibi. Julai 1877 Kombania A ya Kepteni Nolan ilitoka Fort Concho, wakaungana na wawindaji wa nyati wakiwafuata Wakomanchi, wenyeji wa asili wa huko, kwenye ile tambarare inayoitwa Llano Estacado, nchi iliyonyooka kama meza, huoni mti, huoni kilima cha kukuonyesha umetoka wapi. Wakapotea. Masaa 86 hivi bila maji, mwezi wa Julai. Walikunywa mkojo, walichinja farasi waliokuwa wanaanguka wakanywa damu, na damu yenyewe inaganda haraka kwa mdomo uliokauka, ulimi umevimba haumezi. Askari wanne walikufa na mwindaji mmoja. Nikiwa mtu wa farasi nakuambia hivi, farasi anayefanya kazi kwenye joto lile anataka lita arubaini kwa siku na zaidi, kwa hivyo wale wanyama walishakwisha kabla ya watu wao kujua kwamba wamekwisha.

Miaka mitatu baadaye Grierson alionyesha kwamba somo limeingia. Victorio, kiongozi wa Waapache, nao wenyeji wa asili, alikuwa anavuka kutoka Mexico, na badala ya kumkimbiza jangwani kama wengine walivyofanya, Grierson aliwatanguliza askari wake kwenye visima akawakalisha pale. Julai 30, 1880 pale Tinaja de las Palmas yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kidimbwi na watu wachache sana, mtoto wake akiwa mmoja wao, wakashikilia mpaka msaada ulipofika. Halafu wiki moja baadaye wakatembea maili 65 kwa chini ya masaa 21, karibu kilomita 105, ili wafike Rattlesnake Springs kabla ya Victorio. Wakafika. Alikosa maji akarudi Mexico, na Oktoba askari wa Mexico wakamuua mahali panapoitwa Tres Castillos.

Hapo kwa Victorio ndipo mimi nasimama. Yule mzee na watu wake walikuwa na nchi yao Ojo Caliente, New Mexico, serikali ikawatoa ikawapeleka San Carlos kule Arizona, mahali wasipopataka, na vita vikaanzia hapo. Walinzi wa kisima walikuwa watoto wa watumwa, na waliozuiwa kunywa walikuwa watu waliopokonywa ardhi, na amri ilitoka kwa mtu wa tatu. Mimi sihitaji kuelezwa hilo kwa vitabu. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, alienda Burma akarudi na koti na kikohozi, na sisi sote tunajua KAR ilitumwa wapi miaka ya hamsini, ilitumwa msituni kuwatafuta Mau Mau. Nyumba moja ilikuwa na askari na ikawa na jamaa waliokula kiapo, na jioni wanakula ugali sufuria moja bila kuongea. Kwa hivyo mtu akiniambia Buffalo Soldiers walikuwa mashujaa tu, namwambia ongeza maneno, na mwingine akiniambia walikuwa vibaraka tu, naye pia namwambia ongeza maneno. Walitaka mshahara, walitaka kuitwa raia, walitaka kusoma. Na walichofanya walikifanya.

Kwenye kundi letu tulikaa tukakubaliana kwamba hatutavisha mtu yeyote nguo za Mwapache ili tumfyatulie baruti mbele ya watoto. Tunaonyesha gwaride, zizi, safari, kupika maharage na nyama ya nguruwe ya chumvi, kupiga shabaha kwa miguu, basi. Wako waliotuacha kwa sababu hiyo, na mimi bado nasema uamuzi ulikuwa sahihi.

Vifaa sitavimaliza leo. Sare ni sufu, koti la buluu iliyokoza na suruali ya buluu ya mbingu, rangi ya wapanda farasi ni manjano ndio maana mistari ya sajini ni ya manjano, na kwa joto la Texas ile sufu ikishalowa jasho inakaa mwilini kama blanketi la maji. Tandiko ni la McClellan, lililoanza kutumika 1859, lina uwazi mrefu katikati pale unapokaa, na huo uwazi watu wanaucheka mpaka niwaonyeshe. Ukitazama kwa nyuma unaona mwanga unapita juu ya uti wa mgongo wa farasi, hakuna kinachougusa, hewa inaingia, na uzito wote unakaa kwenye nyama za pembeni. Limetengenezwa kwanza kwa ajili ya mgongo wa farasi, makalio ya askari yatajua yenyewe. Mimi kabla ya kutandika napitisha kiganja chini ya blanketi kutoka mbele kwenda nyuma, kufuata manyoya, nikikuta hata mkunjo mdogo nalitoa naanza upya, kwa sababu mkunjo wa asubuhi ni kidonda cha jioni, na farasi mwenye kidonda mgongoni ni askari mmoja anayetembea kwa miguu.

Posho ya farasi kwa kanuni ilikuwa ratili 14 za nyasi kavu na ratili 12 za nafaka kwa siku, na safarini nyasi zilikuwa zile watakazokuta. Askari alikula baada ya farasi wake. Sisi tunafuata hivyo hivyo hata kama wageni wanasubiri picha, na vijana wapya wanaona ni ukali tu wa mzee, mpaka wamalize msimu mmoja.

Watu wakishaondoka uwanjani namba nne ndiye wa mwisho kushuka. Anachomoa ndoano moja moja, farasi wanaachana, kila mmoja anapelekwa kwa ndoo yake. Mimi nasimama karibu na kichwa nisikilize. Farasi akinywa vizuri masikio yake yanacheza kidogo kila anapomeza, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na ukiwa umezoea unaweza kuhesabu mafunda kwa masikio tu. Yule jike mwekundu hunywa ndoo yote bila kuinua kichwa, halafu anainua, maji yanamdondoka kidevuni, anatafuta ya pili.