Swali la kuhoji matini ni nini?

Soma sentensi hii: Mdote aliguruza kipembo. Sasa jibu: nani aliguruza kipembo? Umeshapata maksi, ingawa maneno hayo nimeyatunga sasa hivi na hayana maana yoyote. Maswali mengi ya ufahamu ndivyo yalivyo. Mwanafunzi anautafuta mstari, ananakili, anawekewa vema.

Swali la kuhoji matini, yaani maandishi yanayosomwa, ni lile linalouliza kama yanayosemwa ni kweli na kwa ushahidi gani, na jibu lake halinakiliki. Mwanafunzi hulipata kwa kuyapima aliyoyasoma, na kwa mazoezi hayo hukua kile ambacho mitaala ya Tanzania huita fikra tunduizi na ya Kenya uwazaji kina. Maswali haya hufaa hasa kwa matini zisizo za kubuni, kama vile jiografia, afya au habari za gazetini, kwani hizo hudai kusema kweli, na mwenye kudai huulizwa ushahidi.

Tuseme darasa linasoma kuhusu Mlima Kilimanjaro na kukuta: "Barafu ya kileleni itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020." Mwalimu akiuliza "Itakwisha lini?" karudi kwa Mdote. Aulize: haya yaliandikwa lini? Miaka hiyo imepita, je, barafu imekwisha? Haijaisha. Hapo darasa huchangamka, na hakosi mmoja wa kusema wanasayansi walidanganya. Asizimwe. Aulizwe: walisema itakwisha tu, au waliweka sharti? Utabiri huo ulitolewa mwaka 2002, nao ulisema hali ya hewa ikiendelea kama ilivyokuwa. Mwandishi wa kifungu akilidondosha sharti, makadirio yanageuka ahadi. Vipimo navyo ni jambo jingine: kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Kipimo na utabiri havina uzito sawa, na mtoto aliyeligundua hilo mwenyewe hatasoma takwimu tena kama zamani.

Tatizo kubwa ni haraka yetu sisi walimu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima madarasani akakuta walimu husubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi wenyewe wakaanza kuuliza. Sekunde tatu za kimya mbele ya watoto sitini ni ndefu, najua. Hesabu kimoyomoyo huku ukitazama dirishani.